Fahali Aliyelelewa kwa Kanda

Kwetu Iguhu fahali wa kupigana haendi uwanjani kimya. Anapelekwa kwa isukuti: ngoma tatu, ya baba, ya mama na ya mtoto, na mbele yake mwimbaji mmoja anayemsifu ng'ombe, kisha mwenye ng'ombe, kisha ukoo mzima, watu wakiitikia huku wameshika matawi. Ng'ombe anayetembezwa kimya ni yule anayepelekwa kuchinjwa. Hilo hata mtoto wa chekechea kwetu analijua.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikuwa na fahali lakini hakuwa na mwimbaji. Shida yote ilianzia hapo, na mimi nikaiongezea yangu.

Zamani alikuwa naye. Alikuwa wa rika lake, mtu mrefu mwembamba aliyetengeneza baiskeli siku za wiki, na Jumamosi akifungua mdomo ungedhani kifua kile ameazima kwa mtu mnene. Alimwimbia fahali wa kwanza wa mjomba, baba yake huyu ninayemsimulia, tangu pambano la kwanza hadi la mwisho. Kisha kaka yake mwenyewe, ng'ambo ya mto, akaanza kufuga fahali. Damu ni damu. Mwimbaji akavuka mto pamoja na ngoma zake. Hakukuwa na ugomvi wala neno baya, ila mjomba alilipokea jambo lile kama mtu aliyeachwa na mke. Miaka minne hawakusalimiana, hata siku walizokutana katikati ya kijidaraja cha magogo ambacho watu wawili hawapishani bila kushikana mabega. Walishikana mabega, wakapishana, kila mtu akaenda zake.

Kilichobaki kwa mjomba ni kanda moja. Aliirekodi mwenyewe siku fahali wa kwanza aliposhinda kwa mara ya mwisho, redio kaseti ameiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Dakika arobaini na kidogo, wimbo mmoja usiokatika. Ukisikiliza vizuri ulisikia jogoo wa jirani, mtu mwenye kikohozi, na mwanamke akiuliza kiatu chake kimoja kiko wapi.

Fahali mdogo alilelewa kwa kanda hiyo. Tangu aachishwe ziwa, kila asubuhi mjomba aliitundika redio kwenye msumari wa zizi, akabonyeza, na sauti ya mwimbaji ikajaza boma huku ndama akila kwenye debe majani ya nepia yaliyonyunyiziwa molasi. Harufu ile ya molasi siwezi kuieleza kwa mtu asiyekulia karibu na miwa. Ni tamu na imeungua kidogo, na inashika kwenye nguo. Mpaka leo nikipita nyuma ya lori linalovuja molasi kwenye barabara ya Mumias, nasimama.

Ndama akakua akawa dume kubwa, jeusi, lenye doa jeupe kwenye paji. Na kweli alikuwa na sikio. Wimbo ukianza alinyanyua kichwa. Ngoma ndogo ikiingia alikwaruza ardhi kwa kwato. Mwimbaji akipanda kwenye ile sehemu ya kuwataja mababu, alipiga pembe kwenye nguzo za zizi mpaka mke wa mjomba akatoka jikoni kupiga kelele.

"Zima hiyo kitu! Ataniangushia jiko!"

"Anafanya mazoezi," mjomba alijibu.

"Afanyie mazoezi kwa mama yake!"

Shida ilikuwa uwanjani. Pambano la kwanza mjomba alimpeleka na redio ileile, akamwekea karibu na sikio. Upande wa pili walikuja na ngoma sita na wanawake hamsini. Redio ya betri ilimezwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Fahali wetu alisimama akishangaa, akageuka, akakimbia. Pambano la pili ilikuwa vilevile, na zaidi kanda ilikuwa imeanza kuvutika. Sauti ya mwimbaji ilikokota kama ya mtu anayeongea usingizini, na ng'ombe aliitazama redio kana kwamba imemtukana. Alikimbia tena.

Kwa utaratibu wa kwetu, fahali akikimbia mara tatu hana mjadala. Anaenda bucha. Wazee wenye ng'ombe walikuwa wamemwambia mjomba hivyo kwa upole, na mwenye bucha wa sokoni naye alianza kupitapita njia ya nyumbani bila sababu, akisalimia kwa mdomo, macho yakiwa zizini.

Hapo ndipo nilipofika mimi, nikitokea Eldoret.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi ya kudumu na sitaki. Nilikuwa nimekaa Mombasa mwaka na nusu, Nakuru miezi minane, Eldoret msimu mmoja wa mahindi, na kila nilipochoka mji nilirudi kwa mjomba, si kwa mama. Kwa Waluhya mtoto wa dada anaitwa mwihwa, na mwihwa kwa wajomba zake ana ruhusa ambayo watoto wa nyumba hawana. Anaweza kula firigisi ya kuku. Anaweza kumtania mjomba mbele ya watu. Na ushauri wake, hata ukiwa wa kipumbavu, husikilizwa kwanza ndipo upingwe.

Safari hiyo nilikuja na redio mpya ya siidii niliyoipenda kuliko viatu vyangu. Ilitumia betri kubwa sita. Waya wake wa umeme niliuacha Eldoret kwa rafiki, maana kwa mjomba hakukuwa na stima.

"Khotsa," nikamwambia jioni ile, na khotsa ndiyo mjomba kwa lugha yetu, "hii kanda yako imezeeka. Tuihamishie kwa siidii. Siidii haivutiki, hailiwi na mashine, haizeeki."

"Na sauti itatosha uwanjani?"

"Siku hiyo tunakodi spika za harusi, zile za jenereta. Zina mahali pa kuweka siidii. Watakusikia mpaka Butere."

Alimtazama fahali. "Mwihwa, hii ni mara ya tatu. Unajua?"

"Najua."

"Ukinidanganya, utamla wewe."

Kesho yake nilienda Kakamega mjini na kanda nimeifunga kwa leso. Ninapoandika haya naishi mjini hapahapa, na nimepita mara nyingi pale palipokuwa na duka lile, nyuma ya kituo cha magari, kwenye ngazi za saruji. Sasa wanauza vifuniko vya simu. Wakati ule palikuwa na kompyuta moja yenye mgongo mkubwa, mapazia ya kijani, na fundi mmoja wa umri wangu aliyejipaka manukato mengi. Vijana wa mji walipanga foleni kuwekewa nyimbo. Mji ulikuwa na sauti siku hizo. Kila duka lilitoa spika mlangoni, na ukitembea kutoka sokoni hadi posta ulikuwa unatoka kwenye wimbo mmoja na kuingia kwenye mwingine kama mtu anayepita vyumba vya nyumba moja. Siku hizi kila mtu ana wimbo wake masikioni, na barabara ni ya pikipiki tu.

Fundi aliisikiliza kanda, akacheka jogoo alipowika. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelikumbuka kuliko maswali yote ya mtihani.

"Nikuwekee siidii ya kawaida ama ya kisasa?"

"Zina tofauti gani?"

"Ya kawaida inaingia nyimbo kama ishirini. Ya kisasa ni MP3, inaingia hata mia na hamsini."

Nilikuwa na wimbo mmoja. Wimbo mmoja! Ningeweza kuutia kwenye siidii ya kawaida na nafasi ikabaki. Lakini nilikuwa mtu niliyeishi Mombasa, na kulikuwa na wasichana wawili nyuma yangu kwenye foleni.

"Ya kisasa," nikasema.

Aliijaribu hapo dukani, ikaimba. Nilipofika nyumbani nikaiweka kwenye redio yangu, ikaimba. Sauti ilikuwa safi kuliko kanda ilivyokuwa hata ikiwa mpya, kwa sababu fundi alikuwa ameinyosha ile mikokoto. Ng'ombe alinyanyua kichwa. Ngoma ndogo ilipoingia akachimba shimo. Mjomba alinishika mkono akaushikilia muda mrefu, na mke wake akaleta uji bila kuombwa. Kwa siku kumi na mbili nilikuwa mtoto mpendwa wa boma lile.

Kanda ile ya zamani mke wa mjomba aliichukua. Alikuwa na shamba dogo la wimbi na ndege walikuwa wanalimaliza. Kwetu utepe wa kanda ukifungwa kutoka fimbo hadi fimbo juu ya wimbi, upepo ukivuma unatoa mlio mwembamba wa kutisha, na ndege hawatui. Aliuvuta utepe wote nje, dakika arobaini na kidogo, akauzungusha shamba zima. Nilimsaidia kufunga. Nakumbuka mjomba akipita na jembe begani, akasimama.

"Hiyo ni ile?"

"Ile," mke wake akasema. "Si mna sahani yenu?"

Mjomba akautazama utepe ukimetameta juani, akaenda zake. Sikuona ubaya wowote.

Siku mbili kabla ya pambano betri zangu ziliisha. Sikununua nyingine. Za nini, na spika za jenereta zinakuja?

Jumamosi asubuhi uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umejaa kabla ya saa mbili. Tulifika tukiwa watu kama kumi na watano, fahali ametangulia na mjomba ameshika kamba. Tulitembea kimya, lakini kimya cha watu wenye siri. Waliotuona walidhani tunampeleka kwa mwenye bucha, ambaye naye alikuwepo, ameegemea ua, kofia imeshuka usoni. Niliwacheka moyoni. Ngojeni, nikasema. Ngojeni mtambo uwake.

Mwenye mitambo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, aliyezoea harusi na mikutano ya injili. Alikuwa ameshapanga spika mbili ndefu kama makabati, jenereta inanguruma nyuma ya choo cha walimu, na mashine yake ya siidii iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua. Ilikuwa mashine nzito, ya zamani, na aliitunza kama biblia. Nikampa siidii. Akaiweka. Mlango ukajifunga. Tukasikia ikizunguka, zzz, zzz, ikasimama. Ikazunguka tena. Kwenye kioo kidogo yakatokea maandishi.

"Inasema hakuna siidii," akasema.

"Si umeiweka?"

"Nimeiweka. Lakini mashine inasema hakuna."

"Itoe uiweke tena."

Aliitoa, akaifuta kwa kitambaa cha maua, akairudisha. Zzz, zzz. Hakuna siidii.

"Hii yako haina kitu ndani, kijana."

"Ina kitu! Imeimba wiki mbili!"

"Basi imeimba ikaisha."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, halafu wakakusanyika, na kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja akasema ipigwe pumzi. Mwingine akasema ioshwe kwa dawa ya meno, mtoto wa dada yake Nairobi ndivyo anavyofanyanga. Mama mmoja alikata kipande cha jani la mgomba akaniambia niisugue kwa upande wa ndani, ule laini, na nikasugua. Mwalimu mstaafu akaigeuza, akaisoma kama barua, akauliza, "Ulijaribu upande huu mwingine?" Tukajaribu upande huo mwingine. Nilikimbia nayo hadi kwenye gari la mfanyabiashara mmoja lililoegeshwa getini, dereva wake akaisukuma ndani ya redio, redio ikaitema nje kama mtoto anayekataa dawa.

Miaka baadaye, nikifanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme Kitale, ndipo mtu alinieleza. Siidii zote ni duara, zote zinang'aa, zote zina tundu katikati. Kilicho tofauti ni namna wimbo ulivyoandikwa ndani. Mashine za zamani zilifundishwa kusoma maandishi ya aina moja tu, na ukizipa yale mapya hazioni kitu. Mashine ya yule mzee haikudanganya. Kwa macho yake, kweli sahani ilikuwa tupu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo. Nilijua tu kwamba redio yangu ingeweza kuisoma, nayo iko nyumbani, mwendo wa saa nzima, bila betri na bila waya.

Nilirudi kwa mjomba. Alikuwa amesimama palepale, kamba mkononi. Fahali alikuwa anacheua, masikio yamelala, mkia ukifukuza nzi.

"Khotsa."

"Nimesikia."

"Nilichagua ya kisasa."

Alimshika ng'ombe kwenye nundu, akaikuna polepole kwa vidole vinne, jinsi alivyokuwa akimkuna alipokuwa ndama. Ningependa angenitukana. Kwa pembeni nilimwona mwenye bucha akiinua kofia kidogo ili aone vizuri.

Upande wa pili ngoma zikaanza. Fahali wao alikuwa mwekundu, mfupi, mwenye shingo kama gunia, na mbele yake kulikuwa na yule mtu mrefu mwembamba. Alikuwa amenyoa nywele zote, na mvi zimeingia kwenye ndevu. Alimwimbia ng'ombe wa kaka yake kidogo tu, kwa heshima, kisha akageukia upande wetu. Kutaniana kwa wimbo ni haki ya mwimbaji, na habari za siidii zilikuwa zimevuka uwanja kabla yangu.

Akaimba kwa Kiidakho, lugha yetu, akitunga hapohapo. Wameleta sahani, akasema. Wameleta sahani inayong'aa kama mwezi. Nikauliza, obusuma, ugali wenyewe, uko wapi? Na umati wake ukaitikia kwa kishindo: sahani tupu! Akasema, mwihwa ameenda mjini, amerudi na sahani. Sahani tupu! Nikauliza, ingokho, kuku wa mgeni, iko wapi? Sahani tupu! Wanawake wa upande wetu wenyewe walicheka mpaka wakashika magoti. Hata mimi, na aibu yangu yote, nilijua kwamba ni wimbo mzuri.

Mjomba ndiye aliyeona kwanza. Aliniambia bila kugeuza kichwa, kwa sauti ndogo sana.

"Angalia masikio."

Masikio ya fahali wetu yalikuwa yamesimama.

Aliacha kucheua. Akanyanyua kichwa taratibu, akakielekeza ng'ambo ya uwanja, kule sauti inakotoka. Nadhani alishangaa. Miaka yote aliijua sauti ile ikitoka kwenye msumari wa zizi, ndogo, yenye kukwaruza. Sasa ilikuwa kubwa kama mbingu na ina miguu. Ngoma ndogo ikaingia. Akakwaruza ardhi, mara moja, mara mbili, vumbi likapanda hadi kiunoni mwa mjomba.

"Mwachie," mtu mmoja akapiga kelele. "Mwachie, mzee!"

Mjomba akaachia kamba.

Sijui fahali alitaka nini. Nimelifikiria jambo hili katika miji mingi, kwenye vitanda vya kukodi, na sijapata jibu. Labda alitaka kupigana. Labda alikuwa anaenda kwenye molasi. Ninachojua ni kwamba alikuwa anaifuata sauti ile, na fahali mwekundu alikuwa amesimama katikati. Walipogongana nilisikia kwa miguu kabla ya masikio. Mwekundu alikuwa na nguvu, alimrudisha wetu hatua tatu, nne. Na mwimbaji, kwa kuona ng'ombe wa kaka yake anasukuma, akapanda juu kabisa, akafika kwenye ile sehemu ya mababu.

Alijiharibia mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kupiga nguzo.

Wetu akainama, akaingiza pembe chini ya shingo ile ya gunia, akasukuma kama anataka kupita mlango uliofungwa. Mwekundu akaenda kinyumenyume, akateleza, akageuka ubavu, akakimbia. Umati ukafungua njia. Fahali wetu hakumfuata. Aliendelea mbele kwa mwendo wa kawaida hadi kwa waimbaji, ambao walitupa ngoma na kutawanyika kama kuku, isipokuwa mmoja. Yule mrefu alibaki amesimama, mdomo wazi, wimbo umekatikia katikati. Fahali akamsogelea, akamnusa mikono. Alikuwa anatafuta debe.

Kelele zikaanza. Kaka ya mwimbaji alikuwa amekuja mbio kwa wazee. Alisema ushindi huo hauhesabiki. Ng'ombe wa mjomba hakuja na ngoma, hakuja na mwimbaji, amepigana kwa wimbo wa watu. Ni wizi.

Wazee watatu walimwita mjomba. "Unajibu nini? Ng'ombe wako ameshinda kwa wimbo wa nani?"

Nilikuwa nyuma yake. Nilitamani aseme mtambo uliwaka mwishoni, kwa kelele zile nani angebisha? Mjomba aliivua kofia yake.

"Wimbo ni wake," akasema, akimwonyesha yule mrefu. "Sikatai. Masikio ni ya ng'ombe wangu."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Mwingine akakohoa kwenye kiganja. Wa tatu, ambaye alikuwa na miaka mingi kuliko wote na hakucheka, alisema fahali mwekundu amekimbia, kila mtu amemwona mgongo, na mgongo hauna maelezo. Basi. Nilipogeuka kumtafuta mwenye bucha, palikuwa na ua peke yake.

Mwimbaji alivuka uwanja, fahali akimfuata nyuma kama mbwa. Walisimama na mjomba, umbali wa mkono mmoja kati yao. Ilikuwa mara ya kwanza kusemezana kwa miaka minne.

"Huyu umemlisha nini?" akauliza.

"Sauti yako."

"Sauti yangu umeitoa wapi?"

"Nilikurekodi. Siku baba yake aliposhinda." Mjomba alikuwa anaikunja kofia na kuikunjua. "Kila asubuhi. Tangu aache ziwa."

Yule mtu mrefu alimtazama ng'ombe. Kisha akanitazama mimi, nikiwa bado nimeshika siidii yenye utomvu wa mgomba.

"Na huyu ndiye wa sahani?"

"Ndiye."

"Mwihwa, umenipa wimbo. Nitauimba mpaka nife." Akaichukua kamba mkononi mwa mjomba bila kuomba. "Twende. Aliyeshinda haendi nyumbani kimya."

"Kaka yako atakasirika."

"Akasirike. Ana ng'ombe wa kumbembeleza."

Alituimbia njia nzima, bila ngoma, watu wakipiga makofi na mimi nikipiga dumu tupu la petroli nililopewa na mwenye mitambo. Tulipopita kando ya shamba la wimbi, upepo ulikuwa unavuma na utepe ulikuwa unalia. Mke wa mjomba alitoka jikoni na mikono yenye unga, akaona nani anaongoza, akarudi ndani mbio kukamata kuku.

Baada ya wiki mbili niliondoka. Nilienda Lodwar, nikaenda Kitale, nikashuka mpaka Malindi, ndivyo nilivyokuwa. Nilisikia kwamba wazee walipitisha kanuni mpya kwa ajili ya fahali mmoja tu: akiwa uwanjani, yule mwimbaji asifungue mdomo, awe upande wowote. Waliomwona wanasema alikuwa anasimama na kiganja mdomoni, machozi yanamtoka, mabega yanacheza yenyewe. Fahali alipigana mara nne zaidi kwa waimbaji wengine. Alishinda moja, akatoka sare moja, na alipokimbia zile mbili mjomba alikataa kusikia habari za kuhesabu. Kila aliyemtajia bucha alimwambia huyu hauzwi, huyu ni mtu wa nyumbani. Walimwona mjinga. Akaendelea kumkatia nepia.

Nilikuwa Malindi mke wa mjomba aliponipigia simu. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa napiga pasi shati.

"Mwihwa, ng'ombe ameenda. Jana."

"Aliugua?"

"Uzee tu. Alilala, hakuamka." Nilisikia anafuta pua. "Watu walikuja na mabeseni na visu, unajua watu. Mjomba wako aliwaambia warudi nyumbani. Amemchimbia shimo nyuma ya zizi. Vijana wanane wamechimba kutwa."

Mwimbaji alikuwa ametangulia kaburini mwaka mmoja nyuma, nilijua. Nilikaa kitandani, pasi bado mkononi.

"Ng'ombe alizikwa kimya, basi?"

"Kimya gani? Aliimba mjomba wako."

"Mjomba anaimba?"

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana. Lakini alimaliza wimbo wote, na hakuna mtu aliyecheka."